Mume Hapigiwi Simu

"Waziri, mshahara wangu uko wapi?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, na najua wapo walioninunia kwa kukatiza pale pale utamu ulipoanza. Basi ninuneni mkiwa mnasoma.

Bi Mshahara alikuwa kwenye kiti chake, kalamu mkononi. Fundi, mume wake wa ndoa, alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli lenye vumbi la sponji. Kiwanda kizima cha magodoro kilikuwa kimelipwa asubuhi ile. Kule chini watu walikuwa wanatazama simu zao na kucheka peke yao. Mtu mmoja tu ndiye aliyekwenda kwenye mashine ya benki pale langoni akarudi mikono mitupu, na mtu huyo alikuwa mume wa mlipaji.

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni, nikukumbushe haraka. Bi Mshahara, jina alilopewa na wafanyakazi hata lile la kwake likasahaulika, alipokea barua pepe yenye jina la mumewe. Ilisema: "Waziri, nimefungua akaunti mpya. Kuanzia mwezi huu mshahara wangu upitie huko. Fomu hii hapa. Usinipigie, simu inasumbua." Naye hakumpigia wala hakumuuliza. Alibadilisha akaunti kimya kimya, akabonyeza, akakaa kumsubiri aingie mwenyewe mtegoni.

Kwa nini? Kwa sababu moyoni alishahukumu. Akaunti ile mpya ni ya kumtunzia mwanamke, na mwanamke mwenyewe anakaa mlango wa tatu, korido hiyo hiyo.

"Funga mlango," alisema.

Fundi akafunga.

"Mshahara wako uko ulikoupeleka."

"Nimeupeleka wapi?"

"Mimi ndiyo nikuambie? Kamuulize Manukato."

Jina lile lilimtoka bila kutaka. Alikuwa amembandika Mkuu wa Utumishi tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kulitamka mbele ya mtu, isipokuwa mdogo wake kule nyumbani.

"Manukato ndiyo nani?" Fundi aliuliza.

"Huyo anayekukumbatia mpaka ovaroli linanukia. Au unadhani mimi sina pua?"

Fundi alivuta kola ya ovaroli lake akainusa. Akaitazama, akainusa tena.

"Hili?"

"Hilo hilo."

"Maovaroli haya ni yale mapya. Yalikaa kabatini kwa Mkuu wa Utumishi mwezi mzima, na humo kabatini ndimo anamoweka chupa zake. Kiwanda kizima tunanukia hivi. Hata mzee wa lango ananukia hivi. Naye wanakumbatiana?"

Kicheko kilimpanda Bi Mshahara mpaka kooni, akakimeza. Alikuwa ameijenga kesi yake miezi miwili, kwa uchungu, na hakuwa tayari kuona kabati la nguo likiibomoa kwa dakika moja. Wivu una kiburi namna hiyo. Akachomoa shahidi wa pili.

"Na Jumatano? Kila Jumatano unapandisha ofisini kwake, mlango unafungwa. Nako unafuata ovaroli?"

Hapo Fundi, msomaji, alifanya jambo ambalo mke yeyote analijua. Macho yalishuka, kidole kikaanza kukuna ukucha wenye grisi. Bi Mshahara akahisi ushindi, wala haukumfurahisha.

"Hilo nitakueleza," Fundi alisema. "Kwanza mshahara. Nani kakwambia nimefungua akaunti?"

"Wewe."

Akamgeuzia kompyuta. Fundi aliinama, akasoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Mimi sikuandika hii."

"Jina lako hilo."

"Jina langu, ndiyo. Lakini mimi na wewe tangu lini tunaandikiana barua pepe? Nikiwa na neno na wewe nageuka kitandani nakuambia."

Bi Mshahara aliirudisha kompyuta upande wake. Na hapo, kwa mara ya kwanza, aliisoma barua ile kwa macho ya kazi badala ya macho ya mke.

Mara ya kwanza aliisomea kwenye simu, kantini, sahani ya chakula ikiwa mbele yake, na simu inaonyesha jina tu la mtumaji. Hapa kwenye kompyuta, chini ya jina la mumewe, anwani yenyewe ilikuwa imeandikwa yote. Haikuwa ya kiwanda. Haikuwa ya Fundi. Ilikuwa mkururo wa herufi na tarakimu ambao hakuwahi kuuona maisha yake yote.

"Kuna mtu amejifanya wewe," alisema.

"Na wewe ukampa mshahara wangu?"

"Nikampa."

Fundi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama.

"Mbona hukuniuliza? Wewe unauliza kila mtu."

Swali hilo mngemuuliza hata nyinyi. Kiwandani pale kulikuwa na sheria moja inayojulikana kuliko ile ya kutovuta sigara karibu na sponji. Ilitungwa na Bi Mshahara mwenyewe na jina lake ni Uso kwa Uso. Ukitaka mshahara wako uhamie akaunti nyingine, fomu peke yake haitoshi, barua haitoshi, simu ni ya kukuita tu. Bi Mshahara atateremka ngazi na fomu yako mkononi, akufuate hata kwenye mashine ya kushonea, akutazame usoni na kuuliza, "Hii ni wewe?" Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kutuma maombi yake kwa barua pepe. Alirudishiwa ujumbe wa heshima kwamba ofisi ya mishahara ipo ghorofa ya kwanza na mlango uko wazi. Akaja. Watu walicheka wiki nzima, wakasema yule mama angemdai kitambulisho hata mama yake mzazi.

Mtu mmoja tu katika kiwanda chote ndiye ambaye hakufuatwa. Mume hapigiwi simu, alijiambia. Mume unalala naye chumba kimoja, ukimuuliza swali kama lile unakuwa umejishusha. Bora ujue kimya kimya, umnase na ushahidi mkononi.

Na hakujiambia peke yake. Asubuhi iliyofuata siku ile barua ilipoingia, mdogo wake akimsuka nywele, alimweleza yote. Alikuwa na mdogo mmoja tu, kitindamimba wa mama yao. Bi Mshahara alikuwa darasa la tano siku mtoto yule alipozaliwa. Walimwekea mapajani wakamwambia, wewe ndiye dada, mchagulie jina. Akachagua. Sasa mtoto huyo ni mwanamke mzima, anakaa naye nyumba moja na kuuza nguo kwa simu, na kila jioni anasikiliza habari za kiwanda kama watu wanavyosikiliza tamthilia.

"Dada, usimuulize," mdogo mtu alimshauri, kitana mdomoni. "Mwanaume ukimuuliza unampa nafasi ya kujipanga. We badilisha, halafu subiri uone."

Ushauri uliingia vizuri. Ndicho alichotaka kusikia.

"Nilikuwa na hasira," alimjibu mumewe sasa. Lilikuwa jibu dogo kuliko swali, na wote wawili walilisikia udogo wake. Akanyanyua simu ya mezani kuipigia benki.

Dada wa benki alikuwa na sauti tulivu ya watu waliozoea kuwasikiliza wenzao wakilia. Alimsubiri amalize, akabonyeza bonyeza.

"Hela bado ipo," alisema. "Akaunti iko kwetu humu humu. Haijaguswa."

"Basi irudisheni."

"Siwezi kuigusa kwa mdomo, mama. Niletee barua ya kampuni inayosema ni udanganyifu, tuizuie akaunti. Iwe na sahihi mbili, zile mlizoandikisha kwetu. Na ufanye haraka, maana mwenyewe anaweza kuitoa sasa hivi tunapoongea. Tukifunga ofisi leo bila barua, siwezi kukuahidi kitu."

"Sahihi mbili."

"Ya kwako, na ya Mkuu wa Utumishi."

Bi Mshahara akaweka simu chini kama inaunguza.

Sasa elewa uzito wa jambo lenyewe. Mshahara wa mumewe, jasho la mwezi mzima kwenye mashine ya kukatia sponji, ulikuwa umekaa mahali ambapo mwizi angeweza kuuchota wakati wowote. Njia ya kuuokoa ilikuwa moja, nayo inapita mlango wa tatu. Ilimbidi aende kwa mwanamke yule yule, amwekee karatasi mezani na kumwomba. Tangu yule mama aajiriwe walikuwa hawajasemeshana zaidi ya salamu, na hata salamu zenyewe zilikuwa za kutupiana.

"Nitakwenda mimi," Fundi alisema.

"Wewe kaa hapo hapo." Kisha, alipoona alivyosema, akapunguza sauti. "Nimeharibu mimi. Nitakwenda mimi."

Aliandika barua ya mistari minne, akaitia sahihi, akatoka.

Korido ile haikuwa ndefu, lakini siku hiyo ilikubali kurefuka. Alipita stoo ya vifaa, akapita chumba cha mashine ya kunakilia inayokwama kila siku. Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Yale yale manukato. Miezi miwili alikuwa akiinusa harufu ile kifuani kwa mumewe na kulala ameelekea ukutani.

Akabisha hodi.

"Karibu. Leo umebisha kwangu," Mkuu wa Utumishi alisema.

Bi Mshahara alikuwa amejiandaa kukuta kucha nyekundu, miwani ya bei na kile kicheko kinachosikika mpaka kwenye ngazi. Kucha zilikuwepo, miwani ilikuwepo. Ila chini ya meza viatu virefu vilikuwa vimevuliwa na kulazwa ubavu, na miguu ya mwenye viatu, iliyovimba, ilikuwa imewekwa juu ya boksi la karatasi. Ilikuwa miguu ya mtu aliyechoka. Bi Mshahara aliitazama, akakasirika kwamba imemtia huruma.

"Nahitaji sahihi yako. Ni haraka."

Manukato, nasi tuendelee kumwita hivyo maana hatukupewa lingine, alisoma barua. Nyusi zikapanda.

"Mshahara wa Fundi?"

"Kuna mtu amejifanya yeye kwenye barua pepe. Akaniomba nibadilishe akaunti."

"Akakupata wewe?" Hakusema kwa kejeli. Alishangaa kweli. "Wewe uliyempandisha Mkurugenzi ngazi?"

"Sahihi, tafadhali."

"Ulimfuata? Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Manukato, kifuniko bado kimefungwa. Bi Mshahara aliitazama ile kalamu. Uongo ulikuwa tele karibu, wa kuchukua tu. Kazi zilizidi. Mtandao ulisumbua. Kichwa kiliniuma.

"Dada, sikubani," Manukato alisema. "Lakini nikisaini, kesho Mkurugenzi ataniuliza mimi ilikuwaje. Siwezi kumwambia sijui."

Ukutani saa ilikuwa inakwenda. Mahali fulani mtu alikuwa labda anavaa viatu kuelekea kwenye mashine ya benki.

"Kwa sababu nilidhani ni yako," Bi Mshahara alisema.

"Nini yangu?"

"Akaunti. Nilidhani amekufungulia wewe."

Feni ilizunguka. Manukato alivua miwani, akaiweka juu ya barua.

"Mimi na Fundi."

"Ndiyo."

"Mimi." Aliitazama miguu yake juu ya boksi, akatikisa kichwa. Hakucheka, na Bi Mshahara alimshukuru kimoyomoyo kwa kutocheka. "Miezi yote hii nilidhani unanichukia kwa sababu nilipata cheo ulichokiomba."

"Hilo pia," Bi Mshahara alisema.

Ukweli ukishaanza kutoka hauchagui. Ndiyo, aliiomba kazi ile. Aliingojea, akanunua hata gauni la kuvaa siku ya kutangazwa, na wakamleta mtu kutoka nje ya kiwanda mwenye viatu virefu na chupa za marashi. Tangu hapo kila kitu cha mwanamke yule kilimchoma: ofisi yake, feni yake, jinsi wafanyakazi walivyomzoea haraka. Alipomwona na mumewe, wivu haukuanza upya. Ulihamia tu chumba kikubwa zaidi.

Manukato alifungua kalamu, akasaini. Kisha akavuta droo, akatoa karatasi zilizobanwa na kibanio.

"Nilikatazwa kukuonyesha. Lakini mambo yalipofika hapa, atanisamehe."

Yalikuwa ni maombi ya kazi. Msimamizi wa zamu, idara ya ukataji. Jina la mwombaji lilikuwa la mumewe, kwa mwandiko wake ule mnene unaokandamiza karatasi.

"Jumatano namfundisha kuandika ripoti. Mashine anaijua kuliko wote, ila ripoti zinamtoa jasho. Alisema usiambiwe. Alisema anataka uone mwenyewe kwenye orodha, mwisho wa mwezi, unapoandika mshahara mpya mbele ya jina lake. Uuandike kwa mkono wako."

Bi Mshahara alizishika karatasi zile na hakuweza kuzisoma. Macho yalijaa. Alitamani mwanamke yule awe mbaya kidogo tu, japo kwa dakika moja, apate pa kushika.

"Ngoja," Manukato alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hiyo barua ya mwizi, ilikuja na fomu?"

"Ilikuja nayo. Ile ile ya kwetu, yenye nembo."

"Fomu zile zinatoka hapa kwangu tu."

"Najua."

Manukato aligeuza kompyuta yake, akatafuta, akamwonyesha. Ilikuwa barua pepe ya wiki mbili nyuma, jina la mtumaji Bi Mshahara. Inaomba fomu tupu ya kubadilisha akaunti. Fupi, kavu, bila salamu.

"Nikasema hivi kweli, mtu yuko milango mitatu kutoka hapa, anashindwa kuja? Nikasema sawa, hataki kuiona sura yangu, na mimi sina haja ya kuiona yake. Nikaituma."

"Sikuandika mimi hiyo."

"Sasa naona."

Waliitazama pamoja, vichwa vimekaribiana, harufu ya manukato katikati yao. Chini ya jina ilikuwepo anwani. Mkururo ule ule.

Mwizi hakuvunja kufuli lolote, msomaji. Alipita pale ambapo wanawake wawili hawasemeshani, na mke mmoja hamuulizi mumewe.

"Aliyefanya hivi," Manukato alisema polepole, "anajua kwamba mimi na wewe hatuongei."

"Kiwanda kizima kinajua."

Barua yenye sahihi mbili ilipigwa picha na kutumwa benki. Fundi alikuwa ameshindwa kukaa alikoambiwa akae. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Mkewe alimwona, akamwonyesha zile karatasi za maombi bila kusema neno. Fundi akazitazama, akamtazama Manukato kwa lawama, kisha akashusha pumzi.

"Umeshaziona."

"Nimeziona. Nisamehe."

"Tutaongea nyumbani," alisema, lakini alisogea karibu, na bega lake likagusa la mkewe. Kwa watu wale wawili hilo lilikuwa jambo kubwa.

Simu ya mezani ikalia. Manukato akaweka sauti ya wazi ili wote wasikie.

"Ni mimi wa benki. Barua nimeipata. Nimewapigia kwa namba yenu tuliyonayo kwenye faili, maana hatufanyii kazi barua bila kumsikia mtu. Ni nyinyi mliotuma?"

Bi Mshahara aliinamisha kichwa. Kumbe ni rahisi hivyo. Namba unayoijua, sauti unayoijua, swali moja.

"Ni sisi," alisema.

"Basi akaunti nimeifunga. Hela iko salama, kesho itarudi kwenu. Subirini kidogo niandike taarifa."

Manukato alijiegemeza kwenye kiti, akapumua. Fundi akapiga makofi mara moja, akaona aibu. Bi Mshahara alicheka, mara ya kwanza ndani ya ofisi ile, na wakati huo huo alikuwa anajifuta machozi kwa kiganja. Alijihisi mwepesi. Mume ni wake, mshahara umeokoka, na mwanamke wa mlango wa tatu ni mtu tu anayevimba miguu. Leo, alijiambia, atarudi nyumbani amsimulie mdogo wake yote, wacheke mpaka walie.

Manukato sasa alikuwa anaisoma, kwenye simu ya Bi Mshahara, ile barua ya mwizi iliyotumwa kwa jina la Fundi.

"Hapa mwanzo," alisema. "'Waziri, nimefungua akaunti.' Waziri ndiyo nani?"

"Mimi," Bi Mshahara alisema, bado anatabasamu. "Waziri wa Fedha. Ananitania hivyo kwa sababu hela za nyumbani nashika mimi. Ndiyo maana niliamini ni yeye."

"Anakuita hivyo hapa kazini?"

"Wala. Leo ndiyo mara ya kwanza kulisema humu kiwandani, alipoingia na hasira. Hilo ni jina la nyumbani."

"Nyumbani tu?"

"Nyumbani tu."

Tabasamu likabaki usoni muda kidogo baada ya maana yake kuondoka. Hapo nyumbani wanaishi watu watatu.

"Halo, bado mpo?" Dada wa benki alikuwa amerudi. "Ninaandika taarifa hapa. Akaunti hii haina jina la Fundi mliyemwandika. Ina jina la mwanamke. Nawasomea, mniambie kama mnamfahamu."

Akalisoma.

Lilikuwa jina moja na la baba. La baba, Bi Mshahara alilijua kwa sababu ndilo analolitumia na yeye. Na lile la kwanza alilijua kuliko majina yote duniani. Alilichagua mwenyewe, yuko darasa la tano, mtoto akiwa amewekwa mapajani.

"Mnamfahamu?" sauti iliuliza.

Masikioni mwa Bi Mshahara kitana kilikuwa kinapita kwenye nywele zake, taratibu, na sauti ile inasema: dada, usimuulize. Wivu wake wote, miezi miwili ya kunusa nguo na kuhesabu Jumatano, alikuwa ameumwaga kwenye mlango usio wake, na jioni anarudi kukaa meza moja na mwizi na kumsimulia.

Akageuka kumtafuta mumewe, ili washangae pamoja.

Fundi hakuwa anashangaa. Alikuwa amekaa chini taratibu, juu ya rundo la maovaroli mapya kando ya kabati, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefikiwa na habari aliyokuwa anaingoja. Kidole kilikuwa kimeanza tena kukuna ule ukucha wenye grisi.

Bi Mshahara aliiona ile mikono. Safari hii aliuliza.

"Unajua nini?"

"Nilidhani mdogo wako keshakwambia," Fundi alisema. "Aliniapia angekwambia mwenyewe."